Nyumba ya Pumzi

Krvavica ni kijiji cha ufukweni mwa bahari ya Adriatiki, jirani na mji wa Makarska, nchini Kroatia. Nyuma yake umesimama mlima Biokovo; mbele yake ni maji. Hapo, katika kivuli cha misonobari, msanifu majengo Rikard Marasović alibuni, miaka ya 1960, nyumba ya tiba ya watoto wenye maradhi ya pumzi, watoto wa familia za jeshi la Yugoslavia.

Aliipa umbo la bangili: duara la zege juu ya nguzo, na katikati ua ulio wazi. Upepo wa bahari ulipita chini, ukabeba harufu ya utomvu, ukaingia uani. Dawa ilikuwa hewa, na jengo lilijua kuipisha.

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mgeni ndiye aliyekuja kupona. Yugoslavia ikasambaratika kuanzia 1991, na nyumba ikaja kuwa gofu. Pwani ile haikukosa wageni wala hoteli za kuwalaza. Lakini bangili ile alivishwa mtoto asiyeweza kukimbia. Alipoondoka, upepo haukuacha kupita baina ya nguzo. Ulikosa kifua cha kuingia.