Nyumba Mpya, na Ada ya Shule Juu!

Jamani, tukiota nyumba ya kwanza tunawaza mapazia na kochi la sebuleni. Nani anawaza madarasa? Huko California, Marekani, tangu mwaka 1986 sheria inaziruhusu wilaya za elimu kumtoza anayejenga nyumba mpya ili shule zipate majengo. Mwaka 2024 kiwango cha kawaida kilifika dola 5.17 kwa futi ya mraba. Nyumba ya futi 1,500 ni dola 7,755! Mjenzi ndiye anayelipa, ila si mnajua tena, akipata upenyo anamsukumia mnunuzi.

Shoga yangu anayeishi huko amenuniana na mumewe kwa ajili hiyo. Bwana anasema familia mpya zinaleta watoto, acha zilipe. Bibie anauliza, 'Mtoto mwenyewe yuko wapi?'

Mimi niko na bibie. Tangu 1978 kodi ya msingi ya nyumba huko ni asilimia 1 ya thamani, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Kwa hiyo jirani aliyenunua zamani analipa kiduchu, na wajukuu zake wanasoma shule ileile. (Mshahara wa mwalimu hautoki kwenye ada hii, ni ya majengo tu.)

Bora wilaya ikope kwa hati fungani, wenye nyumba wote wachangie. Tangu mwaka 2000 inaweza kupitishwa kwa asilimia 55 ya kura. Tatizo, wenzi wengi wachanga siku ya kura hawaonekani kituoni!