Toka Lubumbashi hadi Kinshasa kwa Njia ya Anga

Tandazeni ramani ya Kongo juu ya meza, mkaweke rula toka Lubumbashi hadi Kinshasa. Mstari huo una urefu wa kilometa 1,570 hivi. Wapita kaskazini kidogo ya Kolwezi, wakata pembe ya Angola, wavuka mito Kasai, Kwilu na Kwango, ndipo ufikapo Kinshasa. Hiyo ndiyo njia fupi ya angani, kwa maana huko juu hakuna bonde la kuzungukwa wala kivuko cha kungojewa.

Enyi wanafunzi, fanyeni hesabu hii. Ndege kubwa ya siku hizi yaenda kilometa 800 hivi kwa saa. Gawanyeni 1,570 kwa 800: mtapata karibu saa mbili. Ongezeni dakika za kupanda na za kushuka, maana hapo ndege haiendi kwa mbio zake zote. Basi safari ni saa mbili na robo hivi.

Lakini msafiri asishangae atazamapo saa yake. Akiondoka Lubumbashi saa nne kamili asubuhi, atashuka Kinshasa saa tano na robo! Je, ameibiwa saa nzima? Sivyo. Jua huchomoza mashariki kwanza. Lafika katikati ya mbingu ya Lubumbashi dakika 49 hivi kabla ya kufika juu ya Kinshasa. Kwa hiyo serikali imeweka saa mbili tofauti nchini: Lubumbashi imetangulia Kinshasa kwa saa moja. Msafiri arudipo, atailipa saa ile.

Wazee wetu hawakuijua safari nyepesi namna hii. Mwaka 1925 Mbelgiji Edmond Thieffry aliruka toka Brussels hadi mji ule ulioitwa Léopoldville, ndio Kinshasa ya leo. Alitumia siku 51. Mwaka 1928 reli toka Katanga ilifika Ilebo, kwenye mto Kasai. Tangu hapo mtu wa Lubumbashi aliweza kupanda gari moshi hadi Ilebo, kisha meli, akafuata Kasai na mto Kongo hadi Kinshasa. Ilikuwa safari ya siku nyingi. Hata barabara ipitayo Kolwezi, Tshikapa na Kikwit yapita kilometa 2,000, na wakati wa mvua malori hukwama matopeni.

Hapo twaona thamani ya saa zile mbili. Mtoto akiwa Lubumbashi, na mama yake amelala mgonjwa Kinshasa, atakayepanda ndege atamkuta akingali anasema. Atakayepita njia ya nchi kavu huenda akakuta kaburi. Lakini tiketi ni ghali, na jamaa nyingi haziwezi kuilipa peke yao. Ndiyo maana ndugu huchanga, kila mmoja kwa kadiri yake, ili mmoja wao afike kwa niaba ya wote.

Basi rula yatuonyesha umbali, na saa yatuonyesha muda. Lakini umbali wa kweli kati ya ndugu hupimwa kwa kitu kingine: je, siku ya shida wataweza kumfikia mwenzao? Anayekwenda kwa ndege na akumbuke vijiji anavyovipita kwa dakika chache. Watu wa huko wangali wakitembea kwa miguu.