Mama, Usinifuate Shuleni

Ukitoka mji wa Lexington katika jimbo la Kentucky, Marekani, ukashika barabara kuu iendayo kusini, mwendo wa nusu saa tu unakufikisha Richmond. Njia nzima ni vilima vya majani mabichi, farasi wanaong'aa kana kwamba wamepakwa mafuta, na ng'ombe walionona. Mtu aliyekulia Usukumani kama mimi hawezi kupita pale bila kuwahesabu ng'ombe. Mwaka 2018, nilipokwenda kwa mara ya kwanza kumtembelea mdogo wangu aliyeolewa huko, nilimwambia, "Ama kweli mmepata mahali pazuri pa kulea watoto."

Mdogo wangu alitabasamu, kisha akanionyesha ua mrefu wa waya nje ya mji. "Dada," akasema, "ndani ya ua ule kuna maghala ya zege yaliyofunikwa udongo na majani. Ukiyaona utadhani ni vichuguu vikubwa. Humo ndimo walimoweka sumu."

Nilidhani ananitania. Jioni ile mtoto wake wa kwanza, msichana wa darasa la pili, alikuja kukaa karibu nami akanifundisha kama mwalimu: "Mama mkubwa, king'ora kikilia unaingia ndani. Unafunga mlango. Halafu mama haruhusiwi kuja kunichukua shuleni. Mimi nitakaa na mwalimu."

Wasomaji wapendwa, mimi ni muuguzi na ni mama. Maneno hayo ya mtoto yaliniingia moyoni, nikakosa usingizi. Je, hatari ije, nami nikae nyumbani nimwache mwanangu shuleni? Mama gani atakubali?

Ghala lililo jirani na watu

Ua ule ni wa bohari ya jeshi iitwayo Blue Grass, katika kaunti ya Madison, ambayo ina wakazi zaidi ya 90,000. Tangu miaka ya 1940 jeshi la Marekani lilihifadhi humo silaha za kemikali. Wakati wa safari yangu ya kwanza zilikuwamo tani 523 za Kimarekani za sumu hizo, ndani ya roketi na makombora zaidi ya 100,000. Zilikuwa za aina tatu: gesi ya haradali, ambayo huchubua ngozi na kuunguza macho na mapafu, na sumu mbili za neva ziitwazo sarini na VX.

Sarini haina rangi wala harufu. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kukaa mabondeni. Siku moja nilizungumza na muuguzi mwenzangu wa huko aliyepewa mafunzo ya kuwapokea wagonjwa wa sumu hiyo. Akaniuliza kama nimewahi kuona mgonjwa wa namna ile. Nikamjibu, "Wa sarini sijamwona, lakini ndugu yake namjua sana."

Naam, namjua. Sumu za neva ni za ukoo mmoja na baadhi ya dawa za kuua wadudu tunazonyunyizia pamba. Mkulima anapozivuta puani au zinapomwagikia ngozi yake, au mtoto anapokunywa kutoka kwenye chupa ya soda iliyotiwa dawa, mambo huwa yale yale. Mboni za macho husinyaa kama ncha ya sindano, mate na jasho humtoka, kifua hujaa makamasi, misuli hurukaruka, mwishowe pumzi hukatika. Tiba ya kwanza ni ile ile pia: kumvua nguo zote, kumwosha kwa maji mengi, kumsaidia kupumua, na kumchoma sindano ya atropini. Huyo muuguzi Mmarekani nami tulishikana mikono kama watu waliosoma chuo kimoja.

Tofauti ilikuwa katika vifaa. Wao walikuwa na hema la kuogeshea wagonjwa lenye maji ya uvuguvugu, mavazi ya kumkinga mhudumu, na sindano zilizo tayari. Nikamwuliza fedha zilitoka wapi.

Ruzuku ilifanya kazi gani?

Mwaka 1985 Bunge la Marekani liliagiza silaha hizo ziteketezwe. Lakini kuziteketeza ni kazi ya miaka mingi, na wakati huo wote watu wanaishi karibu nazo. Kwa hiyo mwaka 1988 serikali ilianzisha mpango wa kuwaandaa wakazi wa sehemu 8 zenye maghala ya namna hiyo. Jeshi na idara ya maafa ya serikali kuu walitoa ruzuku kwa majimbo, na majimbo yakazipeleka kwenye kaunti. Hoja yake ilikuwa ya haki: aliyeleta mzigo ndiye agharimie kuwalinda jirani.

Fedha hizo zilinunua ving'ora vya nje, na redio za tahadhari za kuwekwa majumbani, mashuleni na mahospitalini, ambazo hupiga kelele zenyewe hatari ikitokea. Zililipia mafunzo ya wazima moto na wauguzi. Kila mwaka yalifanyika mazoezi makubwa ambamo watu hujifanya wagonjwa, nao wahudumu hupimwa jinsi wanavyowapokea.

Kwa familia, fundisho lilikuwa fupi. Ukiambiwa kuondoka, ondoka kwa njia uliyoelekezwa. Ukiambiwa kukaa ndani, ingia, funga milango na madirisha, zima feni na mashine za joto na baridi. Nenda chumba cha ndani, ziba nyufa kwa karatasi ya nailoni na utepe mpana wa gundi, kisha sikiliza redio. Wingu la sumu likishapita utaambiwa kutoka nje na kufungua madirisha, maana mvuke kidogo uliopenya hubaki umefungiwa nawe ndani.

Na shule? Hapo ndipo nilipomgeukia mdogo wangu. "Wewe kweli utakaa ndani, umwache mtoto?"

Akanijibu polepole. "Dada, mwanzoni nilisema watanikuta mlangoni mwa shule. Lakini walituita wazazi. Nikaonyeshwa chumba watakachokaa, nikamjua mwalimu atakayekuwa nao. Nikaambiwa wakihamishwa, watapelekwa wapi na nitamchukuaje. Halafu wakatueleza kwamba wazazi mia tatu wakikimbilia shule moja, mabasi ya watoto hayatatoka, nasi tutakuwa tumeendesha magari kuingia kwenye sumu. Ndipo nikaona kwamba kukaa ndani siyo kumtupa mtoto."

Redio iliyofungiwa kabatini

Usidhani kwamba kila nyumba ilikuwa hivyo. Huko Lexington na miji ya jirani wako Wakongo wengi waliokuja kama wakimbizi, nao husema Kiswahili. Mmoja wao, mama wa watoto wanne, alikuwa amehamia Richmond karibu na mdogo wangu. Tulikwenda kumsalimu. Katika mazungumzo mdogo wangu akamwuliza kuhusu redio ya tahadhari. Yule mama akaenda kabatini, akaitoa ikiwa imeviringishwa ndani ya kitenge.

"Hii kitu niliikuta humu nyumba," alisema. "Ilikuwa inalialia, inaamusha mutoto. Njo nikaitosha."

Aliichomoa kwenye umeme. Maelezo yalikuwa ya Kiingereza, naye alijua Kiswahili na Kifaransa. Mama aliyekwisha kukimbia vita pamoja na watoto alikuwa amelala miezi kadhaa bila kujua anaishi karibu na nini. Ruzuku ilimfikishia redio mpaka chumbani, lakini maana ya redio haikufika.

Tulikaa naye mpaka jioni. Mdogo wangu alisoma, mimi nikaandika kwa Kiswahili katika karatasi ya daftari: king'ora kikilia, kwanza hivi, pili hivi. Tulipofika kwenye sentensi ya kutowafuata watoto shuleni, yule mama alikataa katakata. "Hapana, mama. Siku ya vita, mutoto mwenye hauko naye, hautamuona tena." Hatukubishana naye. Nani angebishana? Mdogo wangu alimwahidi kumpeleka shuleni aone chumba kwa macho yake. Wiki iliyofuata walikwenda, na baadaye nilisikia kwamba redio imerudishwa ukutani.

Baada ya sumu kuisha

Wakazi wa Kentucky hawakungoja tu kuletewa. Mwaka 1984 jeshi lilipotangaza kwamba litazichoma silaha hizo palepale, wenyeji waliuliza moshi utakwenda wapi. Mmoja wa viongozi wao, Craig Williams wa mji wa Berea, alikuwa fundi seremala aliyewahi kupigana vita ya Vietnam. Walishikilia kwa miaka mingi, mpaka njia nyingine ikachaguliwa: sumu ya neva ikavunjwa nguvu kwa maji ya moto na kostiki soda, ile ile ambayo akina mama tunatengenezea sabuni. Mwaka 2006 Williams alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman. Kazi ya kuteketeza ilianza mwaka 2019, na tarehe 7 Julai 2023 roketi ya mwisho ikaharibiwa. Ikawa ndiyo silaha ya mwisho katika akiba yote ya kemikali iliyotangazwa na Marekani.

Nilirudi Richmond mwaka 2024. Msichana wetu amekuwa mrefu kunizidi. Kabatini bado kulikuwa na karatasi ya nailoni na utepe wa gundi. Nikamwuliza mdogo wangu kwa nini hazitupi. Akanionyesha barabara kuu, malori ya matangi yakipita. "Zile roketi zimekwisha, Dada, lakini kemikali hazijaisha."

Ni kweli. Ruzuku ile ilifungwa na silaha zile, na silaha zikiisha nayo haina kazi. Lakini Marekani ina sheria nyingine ya mwaka 1986, iliyotungwa baada ya gesi ya kiwanda kuua maelfu ya watu Bhopal, India, Desemba 1984. Sheria hiyo inataka kila eneo liwe na kamati ya dharura, na inampa mwananchi haki ya kuuliza ni kemikali gani zimehifadhiwa jirani yake. Iko pia ruzuku ya mafunzo inayotokana na ada wanazolipa wasafirishaji wa kemikali za hatari. Ni fedha kidogo kuliko zile za bohari, lakini zinafika hata pasipokuwa na jeshi.

Na sisi je?

Labda unasema, "Hayo ni ya Wamarekani." La hasha. Tarehe 29 Aprili 2009 bohari ya silaha ililipuka Mbagala, Dar es Salaam. Watu walikimbia ovyo, na watoto wengi wakapotezana na wazazi wao. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu walikwenda kuchota petroli, moto ukalipuka, na wapatao 100 wakafa. Waliokimbia na waliochota hawakuwa wajinga. Hakuna aliyekaa nao kabla na kuwaonyesha.

Niliporudi nyumbani Mwanza nilimwuliza mwanangu wa mwisho, "Moto ukizuka shuleni, mnakusanyika wapi?" Hakujua. Nilipojiuliza mwenyewe, nikaona nami sijui. Basi katika mkutano wa wazazi nilisimama nikauliza. Mwalimu mkuu alinyamaza kidogo, kisha akasema ukweli: mahali hapajapangwa.

Hatukuwa na ruzuku, ving'ora wala redio. Tulikubaliana juu ya mwembe ulio upande wa pili wa uwanja, na kengele ya shule ipigwe mfululizo bila kukoma. Mzazi mmoja ambaye ni askari wa zima moto alijitolea kuja kufanya nao mazoezi. Siku ya mazoezi tulialikwa kuangalia. Nilimwona mwanangu akikimbia na wenzake mpaka chini ya mwembe, akasimama kwenye mstari, mwalimu akaanza kuhesabu. Aliponiona alinipungia mkono, lakini hakutoka mstarini. Nami nilibaki pale pale langoni, nikangoja mwalimu amalize kuhesabu.