Lushoto Inauliza Umekuja na Nini

Barabara ya Lushoto inaanzia Mombo, penye joto, vumbi na wauza machungwa. Mabasi ya Moshi na Arusha hupita hapo yakinyoosha mbele, mlima yakiuacha mkono wa kulia. Ukiutazama Usambara ukiwa stendi ya Mombo huoni upenyo wowote. Ni ukuta wa mawe na vichaka uliosimama wima juu ya mashamba ya mkonge. Njia ipo lakini. Ni kama kilomita 33 za lami nyembamba, mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, na mto unateremka kwa kelele kuja kukulaki. Dereva anapiga honi kila kona. Kabla hujafika Soni masikio yameziba, na abiria aliyepanda basi Mbezi akiwa na kitambaa cha jasho mkononi anainama kutafuta sweta kwenye begi.

Mimi na mke wangu tumekuwa tukiipanda barabara hii kwa sababu ambayo watu wa Dar es Salaam siku hizi wanaizungumza sana kwenye vibaraza na kwenye foleni: kuhama. Kazi yangu ya kuhariri vitabu inakwenda popote penye umeme na intaneti. Yeye ni muuguzi, na wagonjwa hawakosekani mahali. Watoto wameshaanza maisha yao. Kwa hiyo swali la kama tunaweza kuhamia mji mdogo wa mlimani tulishalimaliza. Lililobaki ni kama tunastahili kuhamia, na kama mji wenyewe utatufaa pindi macho yakishazoea uzuri wake.

Na uzuri upo, sitaki kuuficha. Mji wa Lushoto umekaa bondeni, kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari, milima imeuzunguka pande zote. Nyumba nyingi ni za tofali za kuchoma, nyekundu kama udongo wenyewe, zimepandana kwenye miteremko kati ya migomba na mikaratusi. Asubuhi ukungu unashuka hadi barabarani, na watoto wa shule wanautoka mmoja mmoja wakiwa na masweta yao. Saa nne jua limeshakausha kila kitu. Hewa inanukia moshi wa kuni na majani mabichi. Mtu aliyelala miaka mingi chini ya feni analala hapa chini ya blanketi mbili, na anaamka akiwa amelala kweli.

Wageni wengi hufanya uamuzi wao Irente. Ni mwendo wa miguu kutoka mjini, unapita mashamba na shamba la Walutheri wanakouza jibini, mkate na jemu, kisha ardhi inakatika ghafla. Unasimama ukingoni mwa mwamba, na chini kabisa, karibu mita 1,000, kuna Mazinde, mistari ya mkonge, barabara kuu, na nyika inayokwenda hadi jicho lichoke. Sijaona mahali pengine Tanzania ambapo nchi inajieleza waziwazi hivyo kwa mtazamo mmoja. Hata hivyo nimejizuia kuamua lolote nikiwa Irente. Anayetazama kutoka pale ameupa mji kisogo. Anaona alikotoka, lakini haoni anakotaka kuishi.

Ukitaka kuuona mji nenda sokoni, tena nenda mapema, kabla Fuso hazijajaa. Huko ndiko Lushoto inakofanya kazi. Akina mama wanateremka kutoka vijiji vya juu na karoti, kabichi, pilipili hoho, viazi mviringo, maharage mabichi, na msimu ukifika mapeasi na maplamu. Pembeni mwa kijito vijana wawili waliokunja suruali hadi magotini wanakanyaga karoti ndani ya viroba majini, taratibu, wakigeuza kiroba kwa nyayo kama mtu anayesokota kamba, mpaka udongo mweusi umekwisha na karoti zinatoka ziking'aa. Nyuma yao dalali anabishana na mkulima juu ya lumbesa. Mkulima anataka gunia lishonwe linapoishia. Dalali anataka liongezewe kilemba cha viazi juu yake kwa bei ileile. Ubishi huo ni wa kila msimu, na mara nyingi anayeshindwa ni yule aliyelima. Jioni magari yanateremka kwenda Dar es Salaam, na kesho yake mtu wa Kariakoo anapanga nyanya zake mafungu mafungu bila kujua zilivyoshuka zile kona usiku.

Kwa muda mrefu sifa za Lushoto zimesimuliwa na waliokuja kupumzika. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, kwa jina la Kaiser wao Wilhelm wa Pili, na wakaufanya kimbilio la maofisa waliochoshwa na joto la pwani. Mwaka 1892 mmoja wao, Walter von Saint Paul-Illaire wa wilaya ya Tanga, alikusanya ua dogo la zambarau la misitu ya Usambara na kulipeleka kwao. Leo ua hilo limo kwenye vyungu vya madirishani duniani kote, na kwa Kilatini lilipewa jina lake yeye, si la waliokuwa wakipita kando yake kila siku.

Lakini Usambara ilikuwa na habari yake ya mgeni kabla ya hapo, nami naiona ndiyo kubwa zaidi. Ni habari ya Mbegha, kama wazee wanavyoisimulia na kama Abdallah bin Hemedi alivyoiandika katika Habari za Wakilindi. Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Nguu, kijana aliyekataliwa na jamaa zake kwa sababu alikuwa kigego, mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Alikuja akiwa hana shamba wala ukoo. Alichokuwa nacho ni mbwa wake na mikuki yake. Akaua nguruwe waliokuwa wakiharibu mashamba ya Wasambaa, nyama akawagawia watu, nao wakampa vyakula vya shambani. Akaoa kwao, akaamua kesi zao, na mwisho wakamfanya mfalme, akakaa Vugha. Ufalme wa Wakilindi uliotawala milima hii ulianzishwa na mhamiaji aliyefika na kitu ambacho wenyeji walikihitaji.

Baadaye walikuja wengine wenye amri badala ya nyama. Kuanzia mwaka 1946, kwanza Mlalo halafu sehemu nyingine za Usambara, serikali ya Kiingereza iliwalazimisha wakulima kupiga matuta kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa wa kweli. Ila kazi ile nzito iliwaangukia zaidi wanawake, ikala siku za kulima chakula, na watu hawakuulizwa. Wasambaa waliipinga kwa ukaidi mpaka mradi ukaachwa mwaka 1957. Ukitembea leo kwenye miteremko hiyohiyo utaona kingo za majani ya malisho zilizopandwa kufuata kontua, miti katikati ya mazao, ng'ombe mmoja au wawili wamefungiwa bandani wanaletewa majani. Mengi ya hayo yalienea kuanzia miaka ya 1980, wataalamu walipokuja kufanya kazi pamoja na wakulima wenyewe.

Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu yanahusu kuhama moja kwa moja. Ardhi hapa ni kidogo mno. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 492,441 katika wilaya ya Lushoto, na sehemu kubwa ya nchi yao ni miinuko mikali na misitu ya hifadhi. Mashamba yamegawanywa kwa warithi vizazi kwa vizazi hadi mengine yamebaki vipande vya kusimama na jembe. Vijana wanateremka kwenda Tanga na Dar es Salaam kwa sababu hiyo. Ndipo anafika mtu kama mimi, mwenye akiba ya mjini, anaona kilima kizuri na kuuliza bei. Kisheria ardhi ya kijiji hupitia halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, tangu Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Utaratibu huo ni ngao nzuri. Hata hivyo fedha taslimu mbele ya mwenye shida huwa na nguvu yake, na kipande kinachouzwa leo kwa ada ya shule kesho hakirudi. Sikubali kujenga nyumba ya kutazamia mawingu mahali ambapo familia ingepanda maharage.

Kwa hiyo tulitafuta nyumba ya kupanga, mjini. Tuliipata kwa mama mmoja mtu mzima, mjane, anayeishi upande mmoja wa nyumba na kupangisha upande wa pili. Tulimkuta barazani anapembua maharage ya makande. Tulimwamkia, akaitikia, akatukaribisha viti, na kabla hatujasema habari ya kodi akaanza yeye.

"Huko Dar mnafanya kazi gani, baba?"

Nikamweleza. Kuhusu uhariri aliguna tu kwa adabu. Aliposikia mke wangu ni muuguzi aliweka ungo chini.

"Na hapa, mwanangu, utafanya kazi au umekuja kupumzika?"

"Nitafanya, mama, nikipata nafasi."

"Nafasi ipo. Wauguzi wanaletwa hapa, baridi inawashinda, wanaomba uhamisho."

Tulirudi makusudi kuishi kwake wakati wa masika, wakati ambao hakuna mtalii anayeupiga picha. Nashauri kila mwenye nia ya kuhamia mlimani afanye hivyo. Mvua ya Machi hadi Mei hapa hainyeshi ikaisha kama ya pwani, inakaa. Nguo hazikauki. Viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Umeme unakatika na intaneti inakwenda nao, nami nikajifunza kutuma kazi alfajiri badala ya kungoja jioni. Siku moja habari zikafika kwamba udongo umeporomoka barabarani kuelekea Mombo, na kuanzia saa hiyo mji ukawa kisiwa: nyanya zikaozea kwenye matenga, bei ya sukari ikapanda, na mama mwenye nyumba akahesabu mkaa wake. Mgonjwa mahututi anayehitaji hospitali ya Bombo, kule Tanga, au KCMC ya Moshi, lazima ashuke kwa barabara hiyohiyo. Mke wangu, ambaye kazi yake ni kuhesabu dakika za wagonjwa, alinyamaza siku ile nzima.

Nilidhani atasema turudi. Yeye akaenda kwenye zahanati ya karibu kujitambulisha.

Katika siku zile za mvua nilipanda Magamba, juu ya mji. Msitu wa asili huko una mikulo, ile miti ya kafuri ambayo hata jina lake la kitaalamu limebeba Usambara, na mbega wanaoruka juu kwa juu wakitingisha maji kutoka kwenye matawi. Chini ya miti mvua ilisikika lakini haikunigonga. Udongo ulikuwa laini, umeshiba, na kila baada ya hatua chache kulikuwa na maji yanayochuruzika. Ndiyo maji yanayoosha karoti sokoni na kunywesha mashamba ya mabondeni kiangazi. Mwenyeji niliyekuwa naye, mzee aliyewahi kufanya kazi ya misitu, alinionyesha visiki vya zamani vilivyokatwa enzi za viwanda vya mbao, akavitaja kimoja kimoja kama mtu anayetaja marehemu wa ukoo. Nilipomuuliza kama kijana wake angekubali kurudi kutoka Dar, alijibu kwamba angerudi kesho kama kungekuwa na kazi inayomlipa kwa mwezi.

Jibu hilo nimelala nalo mara nyingi. Sina kiwanda cha kumpa kijana wake. Nina ujuzi wa vitabu, na upande wa Soni ipo Vuga Press, mitambo ya Walutheri ambayo imechapa vitabu vya Kiswahili kwa miaka mingi. Kuna walimu wanaoandika masomo yao kwenye madaftari, na wazee wenye habari za Kisambaa ambazo hazijaandikwa na mtu. Nimekwishaongea na mwalimu mmoja. Tutaanza na vijana wanne wanaojua kompyuta, niwafundishe kuhariri na kupanga kurasa, na kazi ninazopewa Dar niwagawie na malipo yake.

Tumelipa kodi ya miezi sita. Tunahamia mwezi Juni, baridi inapoanza kuuma, na kipande cha ardhi hatutanunua. Makabati na makasha ya vitabu yatapanda na Fuso inayorudi tupu baada ya kushusha kabichi. Na dereva tumeshaelewana bei.