Raketi ya Mbao Si Pambo la Ukuta

Wasee, wacha niseme hii kitu mara moja ndio tumalizane nayo. Raketi ya mbao ilitengenezwa icheze. Ukiitundika ukutani kando ya saa ya zamani na picha ya Land Rover, umeinyamazisha. Na mimi nina sababu za kusema hivyo, si mihemko tu.

Nina raketi nane za tenisi za zamani. Sita ni za mbao, moja ya chuma, moja ya alumini. Iliyonigharimu zaidi nililipa 1,200. Iliyonigharimu kidogo zaidi ilikuwa 150, Gikomba, imefukiwa chini ya rundo la viatu vya mtumba. Muuzaji aliniangalia akauliza, "Siste, hiyo utafanyia nini? Kusukuma chapati?" Nikamwambia ni ya kucheza. Alicheka hadi jirani yake akaacha kupanga jinsi akaja kuangalia huyo msichana ni nani.

Mambo ni haya. Raketi mpya ya kiwango cha juu hapa Nairobi inapita elfu ishirini bila hata kutoa jasho. Mimi nilianza tenisi nikiwa na miaka 19, kwenye uwanja wa umma wa saruji uliopasuka katikati, na sikuwa na elfu ishirini. Nilikuwa na mia tatu. Kwa hivyo raketi yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, si kwa sababu napenda vitu vya kale, ni kwa sababu ndiyo mfuko ulikubali. Mapenzi yalikuja baadaye, polepole, vile yanavyokujanga.

Kwanza, kidogo kuhusu hiki kitu chenyewe. Ukiangalia fremu ya raketi ya mbao kutoka upande, utaona mistari myembamba. Hizo ni tabaka za mbao zilizokatwa nyembamba, zikakunjwa, zikabandikwa kwa gundi chini ya shinikizo hadi zikawa kitu kimoja. Dunlop Maxply, ambayo ni moja ya zile nilizonazo, ilitoka mara ya kwanza mwaka wa 1931 na ikatumika na mabingwa kwa miaka hamsini. John McEnroe alikuwa na Maxply mkononi alipomshinda Björn Borg kwenye fainali ya Wimbledon mwaka wa 1981. Borg naye alikuwa na Donnay ya mbao. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mwanamume kubeba taji la Wimbledon akitumia raketi ya mbao.

Nini kiliua mbao? Si chuma. Chuma kilijaribu. Ile Wilson T2000 ya Jimmy Connors, iliyotokana na wazo la Mfaransa René Lacoste (ndio, yule wa mashati ya mamba), ilikuwa sokoni tangu 1967, na wengi waliendelea tu na mbao zao. Kilichobadilisha mchezo ni ukubwa wa kichwa. Raketi ya mbao ina kama inchi za mraba 65 hadi 70 za nyuzi. Mwaka wa 1976 Howard Head, kupitia kampuni ya Prince, akaleta raketi ya inchi za mraba 110. Watu walicheka, wakasema hiyo ni ya wazee wasioona mpira. Halafu grafaiti ikaja, ikawa nyepesi na ngumu, na kicheko kikaisha. Leo wengi wanacheza na kichwa cha karibu inchi 100 na uzito wa gramu 300 hivi. Maxply yangu iko karibu 380. Shikilia hiyo kwa seti mbili halafu uniambie mkono unasemaje.

Kitu kingine ambacho hunichekesha: hadi 1978 tenisi haikuwa na sheria inayosema raketi ni nini. Unaweza kusema ungeingia na sufuria. Mwaka wa 1977 Ilie Năstase alimchezea Guillermo Vilas huko Aix-en-Provence na raketi yenye nyuzi mbili-mbili za ajabu, mpira ukawa unaruka vile haueleweki. Vilas, ambaye hakuwa amepoteza mechi kwa miezi, alishindwa seti mbili za kwanza akaondoka uwanjani. Mwaka uliofuata sheria ikaandikwa.

Sasa, kuna mtu lazima ataniambia, "Lakini hivyo ni vitu vya mkoloni. Wewe unakusanya vitu vya klabu za wazungu, unafurahia nini?" Nimeambiwa hivyo zaidi ya mara moja, na si swali la kupuuzwa. Hizi raketi zilikuja huku kwa masanduku ya watu ambao hawangekuruhusu ukanyage uwanja wao isipokuwa umebeba ufagio. Siwezi kujifanya sijui.

Jibu langu la kwanza ni Yannick Noah. Mwaka wa 1971 Mmarekani Arthur Ashe alipita Yaoundé, Cameroon, akacheza na mtoto wa miaka 11. Aliona kipaji, akawaambia watu Ufaransa, na yule mtoto akapelekwa huko kufunzwa. Mwaka wa 1983 Noah alishinda French Open mjini Paris. Na unajua alishika nini? Mbao. Tangu siku hiyo hakuna mwanamume mwingine ameshinda taji kubwa la tenisi na raketi ya mbao. Kwa hivyo ukiniambia mbao ni ya mkoloni, nakwambia ukurasa wake wa mwisho kabisa uliandikwa na kijana aliyejifunzia mchezo Yaoundé.

Jibu la pili ni la hapa hapa, na ndilo lililonifanya niandike.

Kwenye uwanja tunaochezea kuna mzee anayefunga nyuzi za raketi. Anakaribia miaka 80. Tunamwita Mzee tu. Ana mashine ndogo ya kufungia nyuzi ambayo umri wake ni kama wa mamangu, na anakaa chini ya mti na flaski ya chai. Nilimpelekea ile Maxply kwa sababu nyuzi zake zilikuwa zimeoza. Aliipokea kwa mikono miwili. Akaigeuza. Akaitazama kwa mstari kutoka kwenye mshikio, jicho moja limefungwa, vile fundi anavyoangalia mbao kama imepinda. Kisha akanyamaza muda mrefu hadi nikadhani kuna ufa.

"Iko sawa, Mzee?"

"Iko sawa, binti yangu. Hii ndiyo nilikuwa nabeba."

Alinieleza polepole, huku akikata nyuzi za zamani. Akiwa kijana mdogo alikuwa anaokota mipira kwenye klabu moja, miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Kazi yake ilikuwa kukimbilia mipira, na jioni kubeba raketi za wenyewe, kuzibana kwenye presi, ile fremu ya mbao yenye skrubu nne za kuzuia raketi isipinde, halafu kuzipanga kabatini. Alijua kila raketi ni ya nani. Alijua iliyo nzito na iliyo nyepesi, iliyopasuka na iliyofichwa ufa kwa rangi. "Nilizishika zote," akasema. "Kupiga mpira nayo, hapana. Ungepatikana, umefutwa kazi."

Aliyojifunzia ilitupwa na mtu aliyeipiga chini kwa hasira. Ilivunjika karibu na koo. Akaipaka gundi, akaifunga kwa kamba ya katani, akawa anapigia ukuta wa nyuma ya jikoni wakati wenye klabu wamelala mchana. Hakunieleza kwa huzuni. Alinieleza vile mtu anakueleza njia ya kwenda Kawangware.

Alipomaliza kufunga nyuzi, hakunirudishia. Alisimama, akavua koti, akasema, "Njoo tuijaribu."

Watu wangu, Mzee alinichapa. Si kwa nguvu, nguvu atatoa wapi? Aliupeleka mpira chini-chini, ukatua, ukakataa kuruka. Mimi nakimbia mbele, anauweka nyuma. Narudi nyuma, anaudondosha mbele kama mtu anayeweka kikombe mezani. Na ule mlio! Raketi ya kisasa hulia kama kopo. Mbao, ukiupata mpira katikati, hutoa sauti moja nzito, ya chini, unaisikia hadi kwenye kiwiko. Tulicheza dakika ishirini. Alipokaa chini kunywa chai mikono ilikuwa inamtetemeka, na raketi ilikuwa bado mapajani mwake.

Ndiyo maana wiki tatu baadaye, mtu alipokuja kununua, kichwa changu hakikuwa huru.

Alikuwa anafungua mkahawa. Aliona picha za raketi zangu na akataka zote sita za mbao, za ukutani. Ofa yake ilikuwa 3,500 kila moja. Piga hesabu: 21,000. Mimi nahariri video za watu kwa malipo yanayokuja yakitaka, na kodi ya nyumba ilikuwa imefika. Nilimwambia nitampa mbili ambazo zimepinda, hazichezeki tena, na nne nibaki nazo. Akakataa. Anataka sita zikae pamoja kama feni, zote ama hakuna. Akanionyesha mchoro kwenye simu. Kulikuwa na maneno juu yake, kwa Kiingereza, kuhusu siku nzuri za zamani.

Nikauliza, nzuri kwa nani? Hakuelewa swali, na sikumlaumu. Kwa huo ukuta kungekuwa na raketi, kabati, labda picha ya wanawake wenye sketi nyeupe. Aliyekuwa akizibana presi jioni hangekuwepo. Hakuna pahali pa kumweka kwenye feni.

Nilikataa. Kodi nililipa siku tisa baadaye, na hizo siku tisa hazikuwa rahisi. Sisemi ufanye vile nilivyofanya. Kama una mtoto na njaa, uza hata mshikio. Nasema tu kwamba kwangu mimi, siku hiyo, kitu ambacho Mzee alisubiri zaidi ya miaka sitini kukichezea hadharani hakingeenda kuwa mandhari ya selfi.

Na nisieleweke vibaya. Siko hapa kuwaambia mbao ni bora. Si bora. Raketi za leo zinasamehe, zina nguvu, na mtoto anayeanza anafaa apewe nyepesi ya saizi yake, asivunjwe mkono na gramu 380. Angella Okutoyi aliposhinda taji la wasichana la wachezaji wawili-wawili Wimbledon mwaka wa 2022, hakulishinda na kitu cha Gikomba. Mchezo unaenda mbele na uende.

Lakini mbao inafunza kitu ambacho raketi yangu ya kisasa hunificha. Sehemu nzuri ya kupigia ni ndogo kama kifuniko cha jamu, kwa hivyo lazima uutazame mpira hadi mwisho. Huwezi kuchelewa halafu ujiokoe kwa kukunja kifundo. Unaandaa mkono mapema, unapiga kwa urefu, unamaliza mpigo. Miezi minne ya kucheza na mbao kila Jumamosi ilinirekebishia mkono wa nyuma kuliko video zote nilizowahi kutazama.

Kama nawe umepata hamu, haya ndiyo najua. Ukiipata sokoni, itazame kwa mstari kama Mzee. Ikiwa imepinda kama ndizi, hiyo ndiyo unaweza kutundika, sina neno. Kagua koo na ndani ya mashimo ya nyuzi, hapo ndipo ufa hujificha. Igonge kwa vidole, sauti ya kukwaruza ina maana gundi imeachana. Ukifunga nyuzi mpya, chagua laini, na mvuto uwe wa chini, ratili 50 au pungufu. Nyuzi ngumu za poliesta zitaivunja fremu. Usiiache kwenye gari juani, wala isikae pahali penye unyevu. Watu wa Mombasa, nawaonea huruma. Ikiwa na presi yake, usiitupe presi.

Halafu icheze. Ikivunjika ikicheza, imevunjika kazini. Ukikutana na mtu wa umri fulani uwanjani, mpe ashike kwanza kabla hujampa historia uliyosoma mtandaoni. Mara nyingi historia anayo yeye.

Mzee sasa ana raketi moja kati ya zangu. Si Maxply, hiyo aliikataa, akasema ni nzito kwake siku hizi. Alichagua ile ya 150, ya chini ya viatu. Anaiweka kando ya flaski, nje ya mfuko, na mtu yeyote akitaka kuijaribu anamwambia, "Chukua. Lakini utanirudishia ikiwa na jasho."