Mahojiano ya kazi kupitia wakala: wahoji nao wahojiwe

Wengi mnaniuliza kuhusu kazi za kuandika programu zinazopitia kwa mawakala wa ajira. Nimefanya mahojiano kadhaa ya aina hiyo nikiwa hapa Isiolo, basi leo nieleze yalivyo.

Kwanza, kumbuka kuwa wakala ana mteja, mara nyingi yuko Marekani au Ulaya, na mteja huyo ndiye mwenye pesa. Wakala anakata fungu lake, wewe unapata kinachobaki. Kwa hiyo haulizi tu kama unaijua kazi. Anajiuliza pia atakuuza kwa nani.

Hatua zenyewe ni hizi. Kuna simu fupi, ambapo Kiingereza chako husikilizwa kuliko majibu yako. Kuna mtihani wa mtandaoni huku saa inahesabu: panga orodha, tafuta maneno yanayojirudia, unganisha majedwali mawili kwa SQL. Kisha mhandisi anakutazama kwa video ukiandika programu na kueleza unachofikiria. Mwisho ni mteja mwenyewe. Sisi wa Isiolo tuna hatua ya tano: stima. Mimi hujaza chaji ya laptopu, huweka simu yenye bando karibu, na humwambia mhoji mapema kwamba stima ikipotea nitarudi kwa simu. Hakuna aliyewahi kukasirika.

Kinachoniuma ni kimya. Kampuni moja ilinipitisha hatua tatu, ikanipa kazi ya kufanyia nyumbani: mfumo mdogo wa kuagiza bidhaa, pamoja na majaribio yake. Ulinila wikendi nzima. Wiki tatu kimya. Nilipopiga simu, niliambiwa mteja hajasaini mkataba. Yaani kazi yenyewe haikuwapo! Walikuwa wanakusanya majina ya kumwonyesha.

Na hata kazi ikiwapo, mwenye soko ndiye anayeamua. Tazama Andela, ambayo mimi sijafanya mahojiano nayo. Ilianza Lagos mwaka 2014, ikafika Nairobi mwaka uliofuata, ikawa inawafunza vijana na kuwaunganisha na kampuni za nje. Septemba 2019 iliwaachisha kazi wahandisi wachanga wapatao 250 Nigeria na Uganda, na ikasema wengine hadi 170 Kenya wangeguswa. Sababu? Wateja walitaka wenye uzoefu zaidi. Vijana wale walikuwa wamepita mchujo mkali. Mwaka 2020 kampuni hiyo hiyo ilifunga majengo yake ikaanza kuchukua wahandisi wa mbali kote Afrika, na mtu wa Isiolo naye akapata mlango bila kupanga chumba Nairobi. Soko lile lile lilifunga huku, likafungua kule.

Kwa hiyo siku hizi, kabla sijagusa mtihani wowote, nauliza mambo matatu:

1. Mteja ni nani, na mkataba umesainiwa?
2. Kazi ya majaribio ni ya saa ngapi, na ikizidi nusu siku inalipwa?
3. Mteja akiondoka, mimi nabaki na nini, na kwa muda gani?

Kama wakala ni wa hapa Kenya, uliza pia usajili wake kutoka Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Wakala wa kweli hujibu bila kununa. Anayekuzungusha amekujibu tayari, na wikendi yako imepona.

Mwenye swali la nne aniandikie, nitaliongeza hapa.