Kumvizia Fisi Kwenye Mzoga

Mtu ambaye hajapata kukaa usiku karibu na mzoga hudhani kwamba kumvizia fisi ni kazi ya ushujaa. La hasha. Ni kazi ya mbu, umande na kubana kikohozi. Unakaa saa tano, saa sita, mguu umekufa ganzi, wala huthubutu kuunyoosha, kwa sababu mnyama unayemngoja anakuzidi masikio na anamzidi mbwa wako pua. Mara nyingi haji. Akija, mara nyingi huondoka kabla hujajua kwamba alikuwapo. Nilikaa hivyo usiku saba kwa jumla, katika miaka ya 1980, na fisi aliyepigwa mbele ya macho yangu ni mmoja tu. Huyo nitamweleza.

Sisi watu wa Mara hatukuwa na haja ya kusafiri kumtafuta fisi. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, iliyoanzishwa mwaka 1951, inafika hadi karibu na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Abiria anayetoka Mwanza huliona lango la Ndabaka kabla hajafika Bunda. Upande wa mashariki kuna mapori ya akiba ya Grumeti na Ikorongo, yaliyopewa hadhi hiyo mwaka 1994. Hakuna ukuta. Nyumbu hupita mle wakifuata majani, fisi nao hula. Nyumbu wakishapita, mbuzi wa vijijini bado wapo, na jioni wanalia kwa sauti ya kumkumbusha kila mwenye njaa mahali walipo. Kwetu Butiama, mbali kidogo na hifadhi, fisi tuliowajua walikuwa wa vilimani. Mchana walijificha katika mapango ya yale mawe makubwa ambayo kila mgeni wa Butiama huyashangaa, na usiku walishuka.

Aliyenifundisha kuvizia ni baba yangu mdogo. Alikuwa na gobore la kushindilia, lenye leseni, na hakutoka nalo usiku bila kwanza kumwona bwana nyama na kumweleza hasara iliyotokea. Watu walimcheka kwa hilo. Lakini Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974 ilikuwa haitanii, na ile ya mwaka 2009 iliyochukua nafasi yake haitanii vilevile: kuwinda kwa sumu, au kuwinda usiku kwa taa, bila idhini, ni kosa. Kinachoruhusiwa ni mtu kulinda uhai wake na mali yake, na baba mdogo alitaka ijulikane mapema kwamba ndicho anachokifanya.

Hakuchinja mnyama awe chambo. Huo aliuita uwendawazimu, kumpa fisi mbuzi wa pili kwa sababu alikula wa kwanza. Alitumia mabaki ya mbuzi aliyeliwa, au ndama aliyekufa kwa ndigana. Mzoga aliufunga kwa mnyororo kwenye kisiki, maana fisi hali mezani. Atabeba na kwenda zake, na ukifunga kwa kamba ataikata. Matumbo aliyakokota ardhini kutoka upande wa kilima, hatua mia mbili au tatu, ili harufu iwe na njia. Sisi tulikaa juu ya jiwe, hatua zisizozidi ishirini na tano, kwa kuwa gobore la vipande vya chuma si bunduki ya mbali. Tulichagua mwezi uliokwisha kupevuka. Hakuna moto, hakuna sigara, na siku hiyo alinikataza kuoga kwa sabuni. Upepo ndio uliokuwa bwana wa kila kitu. Fisi haji moja kwa moja. Huzunguka kwanza mpaka aupate upepo wa mzoga puani, na kama wewe umekaa upande huo umelala nje bure.

Anayekuja kwanza ni bweha. Huyu ana adabu ya mwizi mdogo: anachukua kipande, anakimbia, anarudi. Baba mdogo hakumpiga kamwe. Alimtumia kama saa. Bweha akiinua kichwa ghafla na kutoweka, nawe hujasikia lolote, basi mwenye nyumba anakaribia.

Ndivyo ilivyokuwa usiku ule wa Agosti 1988. Bweha wawili walikuwapo, kisha hawakuwapo. Nikasikia mfupa ukivunjika kabla sijaona kitu. Mfupa wa paja la ndama, ambao mtu huuvunja kwa shoka, ulikatika kama muwa. Gobore likalia, moshi ukatufunika, na moshi ulipoondoka kitu kilikuwa kimelala. Tulingoja hadi kupambazuke. Hapo baba mdogo alishuka, akamtazama na kusema, “Dume kubwa hili.” Kisha akamgeuza. Matiti mawili yalikuwa yamejaa, maziwa yakichuruzika kwenye vumbi.

Nitasimama kidogo hapa, maana kosa la baba mdogo lilikuwa kosa la ulimwengu mzima. Jike la fisi ni kubwa kuliko dume, ndilo litawalalo kundi, na viungo vyake vya nje vinafanana na vya dume hivi kwamba hata mwindaji mzoefu hudanganyika. Imani kwamba fisi ana jinsia mbili ni ya kale sana. Aristotle, yule Mgiriki, aliandika kuipinga zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, na vijijini kwetu ilikuwa bado hai. Mtaalamu Hans Kruuk alikaa na fisi wa Serengeti na Ngorongoro katika miaka ya 1960, akachapisha kitabu juu yao mwaka 1972. Alionyesha kwamba chakula chao kingi wanakiwinda wenyewe, na kwamba si mara chache simba ndiye anayewanyang'anya fisi mawindo. Sisi tulilelewa kuamini kinyume chake. Hata kile kinachoitwa kicheko cha fisi si kicheko. Mara nyingi ni sauti ya mnyama aliyebanwa na wenzake.

Watoto wa fisi hunyonya mwaka mzima na zaidi, na kwa kawaida kila mama hunyonyesha wake tu. Baba mdogo hakuwa amesoma hayo popote, lakini alijua maana ya maziwa. Watu walikuja kumtazama fisi, wengine wakapekua shingo na masikio wakitafuta shanga, alama kwamba ni mnyama wa mchawi. Shanga hawakuziona. Baba mdogo aliwaacha hapo, akachukua panga na kupanda kilimani kulitafuta pango. Alirudi jioni mikono mitupu. Hakula.

Je, mbuzi walipona? Kwa muda wa miezi miwili hivi, ndiyo. Kisha akaja fisi mwingine akichukua nafasi ya yule. Marekani wana mnyama anayeitwa koyote, anayefanana na bweha wetu ila ni mkubwa zaidi, na wafugaji wa kule nao humvizia usiku penye mizoga. Wamempiga risasi, wametega mitego na kumwekea sumu kwa zaidi ya miaka mia. Zamani aliishi katika nyika za magharibi. Leo yupo hadi katika miji ya mashariki. Mwaka 1972 Rais Richard Nixon alipiga marufuku sumu hizo katika ardhi ya serikali kuu. Baadaye marufuku hiyo ililegezwa, na mabishano hayajaisha.

Sumu ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Kuvizia kwa gobore kuna taabu yake, lakini walau unamwona unayemuua. Mwaka 1995, katika kijiji kimoja upande wa Bunda, mfugaji aliyepoteza ndama alimwagia mzoga dawa ya pamba akaenda kulala. Nilikuwa nimekwenda kumsalimu shangazi, nikapita pale asubuhi. Fisi alikuwa mmoja. Bweha watatu. Mbwa wa majirani wanne, mmoja akiwa bado anatetemeka. Na tumbusi: niliwahesabu hadi arobaini na mmoja, wengine wakiwa wamedondoka mbali na mzoga, mabawa yametanda kama nguo zilizoanikwa. Watoto walikuwa wakiwanyonyoa manyoya ya kuchezea. Mtoto mmoja alitapika mchana kutwa, akakimbizwa hospitali kwa baiskeli. Alipona.

Tumbusi hutaga yai moja tu, na jozi ikifanikiwa sana hulea mtoto mmoja kwa mwaka. Anaona mzoga akiwa juu sana, na mwenzake akishuka naye hushuka, kwa hiyo mzoga mmoja wenye sumu huwaita walio mbali. Mwaka 2019 nchini Botswana walikufa tumbusi 537 kwenye mizoga ya tembo watatu. Jirani zetu wa Kenya, katika Maasai Mara, mwezi Desemba 2015 walishuhudia simba wa kundi mashuhuri wakifa kwa dawa iliyowekwa kwenye mzoga wa ng'ombe. Sababu ilikuwa ileile: ng'ombe wameliwa, mwenye ng'ombe ana hasira, na dawa inauzwa dukani.

Hasira hiyo naijua. Ilikuja hadi mlangoni kwangu. Wakati huo nilikuwa mwalimu Musoma. Mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 1997 zilikuwa zimeubomoa ukuta wa udongo wa banda la mbuzi la shangazi yangu, huko Bunda. Alikuwa mjane. Mbuzi wake kumi na wanne ndio waliokuwa karo ya kitinda mimba wake, aliyekuwa kidato cha pili. Usiku mmoja wa Machi 1998 fisi waliingia wakaua sita. Walikula wawili. Wanne waliobaki walilala tu pale na shingo zilizopasuliwa, jambo ambalo humuuma mfugaji kuliko wale walioliwa.

Shangazi alipanda basi akaja Musoma. Nilimwamkia, nikamkaribisha uji. Hakuugusa.

“Baba,” aliniambia, kama alivyoniita siku zote, “wewe unakaa penye maduka. Nipatie ile dawa ya pamba, ile kali.”

Nilimweleza habari za tumbusi na yule mtoto. Alinisikiliza hadi mwisho.

“Tumbusi hawanilipii karo,” alisema. “Wewe unakula mshahara. Mimi nakula mbuzi.”

Sikuwa na jibu la hilo, na hata leo sina jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba dawa sitanunua, ila Jumamosi nitakuja. Alinyanyuka bila kuaga vizuri. Shangazi zetu wakikasirika hawapigi kelele. Wanakunja khanga na kutazama barabarani.

Jumamosi nilikwenda na vijana wawili. Mawe Bunda si haba. Tulijenga ukuta wa mawe usawa wa kifua cha mtu mzima, juu yake tukapanga matawi ya miba, na msingi tukauchimbia chini, kwa sababu fisi akishindwa kuruka huchimba. Mlango tuliufanya wa mbao na bati. Kazi ilikula Jumamosi tatu na zaidi ya nusu ya mshahara wangu wa mwezi, na mke wangu alikuwa na maneno yake, ambayo sitayaandika hapa. Kwa usiku nne nililala hapo nje, bila bunduki, nikiwa na kurunzi na debe la kupiga. Walikuja usiku wa tatu. Nilisikia kucha zikikwaruza mawe, kisha pumzi, kisha kimya.

Shangazi hakunishukuru mwaka huo. Mwaka uliofuata alinitumia beberu. Nakumbuka ulikuwa mwaka 1999, kwa sababu Oktoba ile Mwalimu Nyerere alifariki London, akaletwa kuzikwa Butiama, na beberu alichinjwa kwa ajili ya wageni waliojaa nyumbani kwa baba mdogo. Wiki ile magari yalipita usiku na mchana, taa zikimulika hadi vilimani, nasi hatukusikia fisi hata mmoja. Baba mdogo alisema nao wamefiwa.

Kanuni za mwaka 2011 zilileta kifuta jasho kwa mwenye mifugo iliyouawa na wanyama wakali, na kifuta machozi kwa waliojeruhiwa au kufiwa. Ni jambo jema, ingawa mfugaji wa kijijini ataomba kwanza hasara ithibitishwe, kisha atangoja, na karo ya shule haingoji.

Shangazi hayupo tena. Mara ya mwisho nilipolala kwake, mvua ilikuwa imenyesha jioni, na alfajiri nilikuta nyayo kwenye tope, za miguu ya mbele mikubwa kuliko ya nyuma, zimelizunguka banda mara mbili na kuelekea porini. Yule kitinda mimba, ambaye sasa ni baba wa watoto watatu, alikuwa amechuchumaa mlangoni akiikaza bati kwa waya mpya. Aliniuliza kama Musoma waya bado ni ghali.